Moyo wa Wakongwe: Dharura Inayodhaniwa Kuwa Uzee

Moyo wa binadamu hupiga takriban mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku, na kwa hesabu hiyo mtu aliyefikisha umri wa miaka 85 ana kifuani msuli ambao umekwisha kujibana zaidi ya mara bilioni 3 bila kupumzika hata siku moja. Si ajabu, basi, kwamba msuli huo, pamoja na vali na mishipa inayouhudumia, hubadilika kadiri miaka inavyosonga. La kushangaza ni kwamba moyo wa mtu wa umri huo unapopatwa na dharura, mara nyingi dharura hiyo haitambuliwi, kwa kuwa dalili zake hufanana na mambo ambayo jamii imezoea kuyahesabu kuwa sehemu ya kuzeeka: uchovu, kizunguzungu, kukosa hamu ya chakula, kuanguka, kuchanganyikiwa na kuhema. Familia husubiri hadi kesho, kesho huzaa keshokutwa, na mgonjwa hufikishwa hospitalini wakati matibabu ambayo yangemfaa zaidi yamekwisha kupitwa na saa yake.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo kama Kiirua, lililoko Buuri katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ambako mashamba ya viazi, mahindi na ngano hushuka kuelekea nyanda kame za Isiolo. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Teresa, ya Dayosisi Katoliki ya Meru, ambayo ni miongoni mwa hospitali za kidini zilizobeba sehemu kubwa ya matibabu upande wa mashariki wa mlima, sawa na Consolata ya Nkubu, Cottolengo ya Chaaria na ile ya Chogoria iliyoanzishwa na wamisheni wa Kiskoti mwaka 1922. Juu ya hospitali hizi kuna hospitali za mafunzo na rufaa za Meru na Embu, na juu yake tena kuna zile za Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kiirua, ambako ndiko zilikokusanyika maabara nyingi za kuzibua mishipa ya moyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu, na wengi wa wakongwe wao huishi vijijini ilhali watoto wao wanafanya kazi mijini. Baadhi yao hawajui tarehe waliyozaliwa, na umri wao hukadiriwa kwa rika walilotahiriwa nalo au kwa njaa iliyotokea utotoni mwao.

Hata takwimu za taifa zimewaacha nje. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliwapima Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69, ukagundua kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne, yaani asilimia 23.8, alikuwa na shinikizo la juu la damu, lile ambalo wananchi huliita presha, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa maishani mwao. Mpaka huo wa miaka 69 ni wa kutiliwa maanani, kwa sababu shinikizo la damu huongezeka kadiri umri unavyoongezeka, hivyo kwamba kundi lililo hatarini zaidi ndilo lililoachwa bila kuhesabiwa. Vivyo hivyo, utafiti mkubwa wa kushindwa kwa moyo kwa ghafla barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2012 na kuwahusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kuwa wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52 tu na kwamba chanzo kikuu kilikuwa presha. Kwa hiyo daktari wa Afrika Mashariki hufunzwa na hali halisi ya wadi yake kumtarajia mgonjwa wa moyo aliye katika umri wa kufanya kazi, na mkongwe wa miaka 88 humjia kama mgeni asiyetarajiwa.

Umri unavyoubadilisha moyo

Ili kuelewa kwa nini dharura za moyo wa mkongwe huchukua sura tofauti, ni lazima kwanza kufahamu mabadiliko ambayo umri pekee huyaleta, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua. Mabadiliko ya kwanza ni kukakamaa kwa mishipa mikubwa ya damu. Mshipa wa kijana hutanuka moyo unaposukuma damu na kurudi hali yake moyo unapopumzika, lakini kuta za mshipa wa mkongwe zimepoteza nyuzi zake za mnyumbuko na kujaa chokaa, kama mpira wa kunyweshea shamba ulioachwa juani miaka mingi ukawa mgumu na kushindwa kutanuka maji yanapofunguliwa. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha juu cha presha hupanda huku kile cha chini kikishuka, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi dhidi ya ukinzani huo.

Mabadiliko ya pili yanatokana na yale ya kwanza. Chumba cha chini cha upande wa kushoto, ambacho ndicho kinachosukuma damu mwilini kote, hunenepa kuta zake na kuwa kigumu, kikawa bado kinasukuma vizuri lakini kinalegea polepole mno kiasi kwamba hakijazwi damu ipasavyo. Hii ndiyo sababu mkongwe anaweza kupatwa na kushindwa kwa moyo, yaani hali ya moyo kutoweza kuupatia mwili damu inayohitajika bila shinikizo ndani yake kupanda, ilhali picha ya moyo inaonyesha kuwa nguvu za kusukuma ni za kawaida. Moyo wa namna hii hutegemea sana msukumo wa mwisho unaotoka kwenye vyumba vya juu, na msukumo huo ukipotea, mgonjwa anaweza kuzidiwa katika muda wa saa chache.

Mabadiliko ya tatu yanahusu vali, vile vizibo vinavyofunguka na kufunga ili damu iende upande mmoja tu, pamoja na njia za umeme zinazouamrisha moyo kupiga. Vali ya aota, iliyoko kwenye lango la mshipa mkuu, huweza kujaa chokaa na kuwa nyembamba, na seli zinazozalisha umeme wa moyo hupungua, hivyo mapigo huweza kwenda polepole mno, haraka mno au bila mpangilio. Mabadiliko ya mwisho yako nje ya moyo wenyewe: figo husafisha dawa polepole zaidi, misuli ya mwili hupungua, na neva zinazobeba taarifa za maumivu hudhoofika, hasa kwa mwenye kisukari. Mwili wa aina hii huwa hauna akiba, na jambo dogo ambalo kijana angelivuka bila kulitambua, mfano homa ya mapafu au kuharisha siku mbili, hutosha kuuangusha moyo.

Mshtuko wa moyo usiouma

Mshtuko wa moyo hutokea pale ambapo mmojawapo wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe unapozibwa na donge la damu, na sehemu ya msuli iliyokuwa ikitegemea mshipa huo ikaanza kufa kwa kukosa oksijeni. Mtu wa makamo anayepatwa na hali hii kwa kawaida hulalamika kubanwa kifua, maumivu yakisambaa hadi kwenye mkono wa kushoto au taya, huku kijasho chembamba kikimtoka. Kwa wakongwe mambo huwa tofauti. Tamko la kitaalamu lililotolewa na Shirika la Moyo la Marekani mwaka 2007 lilieleza kwamba, katika aina ya mshtuko wa moyo iliyo ya kawaida zaidi uzeeni, maumivu ya kifua yalikuwapo kwa takriban asilimia 40 tu ya wagonjwa waliozidi miaka 85, ilhali kwa walio chini ya miaka 65 yalikuwapo kwa asilimia 77. Wengine waliobaki walifika hospitalini wakiwa na pumzi fupi, kichefuchefu, jasho, kuzirai au udhaifu usio na maelezo.

Kinachoongeza ugumu ni kwamba kwa wakongwe wengi mshtuko wa moyo hauanzii moyoni. Mgonjwa mwenye mishipa iliyosinyaa kwa muda mrefu anaweza kuwa aliishi vizuri hadi alipopatwa na nimonia, au hadi alipopungukiwa na damu kwa sababu ya kidonda cha tumbo, na hapo mahitaji ya moyo yakazidi kile ambacho mishipa ile inaweza kuleta. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hazitamsaidia mgonjwa huyu, na zinaweza hata kumdhuru, kwa kuwa tiba yake ni kutibiwa nimonia au kuongezewa damu. Kutofautisha hali hizi mbili kunahitaji historia kamili kutoka kwa mtu anayeishi na mgonjwa, na swali lenye manufaa kuliko yote ni lile linalouliza mgonjwa alikuwa akifanya nini wiki iliyopita. Bibi kizee ambaye wiki iliyopita alikuwa akimenya viazi na kutembea hadi kanisani, na ambaye leo hawezi kuketi bila kushikwa, hakuzeeka kwa siku saba. Amepatwa na ugonjwa, na ugonjwa huo unapaswa kutafutwa.

Maji mapafuni

Dharura ya pili, ambayo huenda ndiyo inayowafikisha wakongwe wengi wa moyo katika hospitali za vijijini, ni kushindwa kwa moyo kwa ghafla. Damu inaporudi nyuma kwa sababu moyo haupokei wala kusukuma vya kutosha, majimaji yake huvuja na kujaa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Mgonjwa hushtuka usiku wa manane akihema, hulazimika kuketi kitandani miguu ikining'inia, na hali inapokuwa mbaya zaidi hukohoa povu lenye rangi ya waridi. Kwa kawaida dalili za kutangulia huwa zilikuwapo kwa siku au wiki kadhaa: mgonjwa aliyekuwa akilala na mto mmoja ameanza kuhitaji miwili au mitatu, au amehamia kulala kwenye kiti; viatu vimembana; na kidole gumba kikigandamizwa kwa sekunde chache kwenye mfupa wa muundi, shimo hubaki hapo baada ya kidole kuondolewa.

Vichocheo vya hali hii vinajulikana na vingi vinazuilika. Cha kwanza ni dawa kuisha nyumbani pasipo mtu kuzinunua tena. Cha pili ni dawa za maumivu ya viungo, hususan diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kwa urahisi katika maduka ya dawa na hudungwa kama sindano ya mgongo au magoti. Dawa hizi hulazimisha figo kubakisha chumvi na maji mwilini, nazo hupunguza nguvu ya dawa za presha, hivyo kwamba mkongwe anayetibiwa magoti Jumatatu anaweza kulazwa kwa ajili ya moyo ifikapo Ijumaa. Cha tatu ni ile desturi ya kumpeleka mzee aliyeishiwa nguvu kwenye zahanati ili aongezewe maji kwa mrija, kwa imani kwamba maji hayo yatamrudishia nguvu. Ikiwa udhaifu wake unatokana na moyo, chupa mbili za maji ya chumvi zilizotiririshwa haraka zinaweza kuyajaza mapafu yake.

Mapigo na vali

Dharura ya tatu inahusu mpangilio wa mapigo. Hali inayoonekana zaidi uzeeni ni ile ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kujibana kwa pamoja, na katika nchi zenye takwimu za muda mrefu hali hii huwapata takriban mtu mmoja kati ya kumi waliozidi miaka 80. Madhara yake ni mawili: moyo mgumu hupoteza ule msukumo wa mwisho unaoutegemea, na damu inayotuama katika vyumba vinavyotetemeka huweza kuganda, kisha kipande cha donge hilo kikasafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Kwa sababu hiyo mapigo yasiyo na mpangilio hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo mkongwe huzihitaji zaidi kuliko kijana, ingawa pia humweka katika hatari zaidi ya kutokwa damu. Kinyume cha hali hiyo ni mapigo kwenda polepole mno, pengine chini ya 40 kwa dakika, ambapo mgonjwa huzirai bila onyo na kuvunjika nyonga, na familia ikadhani kuwa aliteleza. Tiba yake ni kifaa kidogo cha umeme kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuuamrisha moyo kupiga.

Kwa upande wa vali, kusinyaa kwa vali ya aota kulikuwa karibu hukumu ya kifo kwa wakongwe wasioweza kustahimili upasuaji wa kufungua kifua, hadi Aprili 2002, daktari Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alipoweka vali mpya kwa kuipitisha ndani ya mshipa wa damu bila kupasua kifua. Njia hiyo imeenea duniani kote, lakini gharama yake ingali juu mno kwa familia ya mkulima wa Buuri, kwa hiyo faida kubwa ya kuitambua vali iliyosinyaa mapema ni kumlinda mgonjwa dhidi ya dawa zinazoshusha presha kwa ghafla.

Saa za kwanza hospitalini

Hospitali isiyo na maabara ya kuzibua mishipa bado inaweza kufanya mengi, na mengi ya hayo ni ya bei nafuu. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wahudumu hukiita ECG, hutakiwa kufanywa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa kufika, na kwa mkongwe kipimo hicho kinapaswa kufanywa hata kama hana maumivu ya kifua, mradi amefika akiwa na pumzi fupi, amezirai, ameanguka au amechanganyikiwa. Kipimo cha damu cha troponini, ambayo ni protini inayovuja kutoka katika msuli wa moyo uliojeruhiwa, husaidia, lakini kwa kuwa kiwango chake huwa juu pia kwa wenye figo dhaifu, hurudiwa baada ya saa chache ili kuona kama kinapanda.

Mshtuko wa moyo ukithibitika, dawa ya kwanza ni aspirini ya miligramu 300 iliyotafunwa. Utafiti wa mwaka 1988 uliowashirikisha wagonjwa 17,187 ulionyesha kuwa aspirini pekee ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 23 katika wiki tano za mwanzo, na bei yake ni shilingi chache tu. Mafanikio hayo, hata hivyo, hayamaanishi kwamba kila mzee anapaswa kumeza aspirini kila asubuhi kama kinga, kwani utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Australia na Marekani kwa watu 19,114 wenye afya njema ambao wengi wao walikuwa na miaka 70 na zaidi, ulibaini kuwa aspirini ya kila siku haikuwaongezea maisha yenye afya, bali iliwazidishia kutokwa damu. Iwapo mshipa umezibika kabisa na mgonjwa amefika ndani ya saa 12, dawa za kuyeyusha donge kama vile streptokinasi na tenekteplasi huweza kutumika. Kwa waliofikisha miaka 75 tenekteplasi hupunguzwa hadi nusu ya kipimo, kwa kuwa hatari ya kuvuja damu ubongoni huongezeka kwa umri.

Kwa mwenye maji mapafuni, hatua za mwanzo ni kumketisha wima, kumpa oksijeni ikiwa kiwango chake kimeshuka chini ya asilimia 90, na kumdunga furosemidi, dawa inayotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Tofauti kati ya kumtibu mtu wa miaka 50 na yule wa miaka 90 iko katika vipimo vya dawa, ambavyo hupangwa kwa uzito na kwa uwezo wa figo, na iko pia katika uangalizi wa kila siku, kwani mkongwe aliyetolewa maji kupita kiasi huzimia mara tu anaposimama kwenda chooni.

Umri au nguvu za mwili?

Swali linalowatatiza madaktari na familia ni iwapo mtu wa umri mkubwa anapaswa kusafirishwa mbali kwa ajili ya matibabu makubwa. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 457 wenye miaka 80 na zaidi waliopatwa na mshtuko wa moyo ambapo mshipa haukuzibika kabisa au maumivu makali ya kifua ya aina hiyo, na ukaonyesha kuwa waliopelekwa kuchunguzwa na kuzibuliwa mishipa walipatwa na mshtuko mwingine, haja ya kuzibuliwa mishipa kwa dharura, kiharusi au kifo kwa asilimia 40.6, ilhali waliotibiwa kwa dawa pekee walifikia asilimia 61.4. Miaka minane baadaye, yaani mwaka 2024, utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza wenye wagonjwa 1,518 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 82, na ambao takriban theluthi moja yao walikuwa dhaifu wa mwili, haukupata tofauti katika vifo vitokanavyo na moyo, ingawa mishtuko mipya ilipungua kwa waliozibuliwa.

Matokeo haya mawili hayapingani sana yakisomwa kwa makini, na uamuzi unapaswa kuzingatia nguvu za mwili kuliko idadi ya miaka pekee. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada waliokuwa wakiongozwa na Kenneth Rockwood walibuni kipimo cha udhaifu wa uzee, kilichoboreshwa baadaye kuwa na ngazi 9, ambacho kinaanzia kwa mtu mkakamavu anayejifanyia kila kitu hadi kwa yule aliyekaribia mwisho wa maisha. Kipimo hiki hakihitaji mashine, bali huhitaji tu kuuliza kama mtu anapika, anajiogesha, anatembea bila mkongojo na anasimamia fedha zake mwenyewe, kabla ya ugonjwa kumpata. Kwa mkongwe aliye imara, safari ya kwenda Nairobi yaweza kumpa miaka mizuri. Kwa aliye dhaifu sana, safari hiyo hiyo yaweza kumwondoa kwa watu wake bila kumwongezea chochote, na huduma bora kwake ikawa ni kupunguziwa kuhema na maumivu katika hospitali iliyo karibu na nyumbani. Uamuzi huo ni wa mgonjwa mwenyewe maadamu akili zake ni timamu, na familia inayomheshimu mzee wake humuuliza matakwa yake mapema, kabla dharura haijawalazimisha watoto kukisia.

Kinga na gharama

Dhana kwamba presha ya mkongwe haina haja ya kutibiwa ilikanushwa na utafiti wa mwaka 2008 uliowashirikisha watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi barani Ulaya, Asia, Afrika Kaskazini na Australia. Dawa mbili za kawaida, zilizolenga kushusha presha hadi 150 kwa 80, zilipunguza vifo kwa asilimia 21 na kushindwa kwa moyo kwa asilimia 64. Ni muhimu, hata hivyo, presha ya mkongwe ipimwe akiwa ameketi na kisha akiwa amesimama, kwa maana ikishuka kwa vipimo 20 au zaidi anaposimama, dawa inayomlinda dhidi ya kiharusi ndiyo hiyo hiyo itakayomwangusha. Kinga nyingine ni ya jikoni na ya nyumbani: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, mgonjwa aliyewahi kujaa maji apimwe uzito mara kwa mara na arudishwe hospitalini akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, na dawa zote, zikiwemo za mitishamba, zipelekwe kliniki ndani ya mfuko mmoja ili zionwe na tabibu. Katika kaunti ambayo inajulikana kwa miraa ni muhimu pia kusema wazi kwamba majani hayo huongeza kasi ya moyo na presha, na kwamba utafiti uliofanywa Yemen na kuchapishwa mwaka 2005 uliyahusisha na mshtuko wa moyo.

Gharama na umbali ndivyo vikwazo vinavyobaki. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, mchango wa mtu asiye na mshahara ukiwa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na sheria iliyoianzisha ilitenga hazina maalumu ya dharura na magonjwa sugu. Kwa mkongwe anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, kuhakikisha kwamba amesajiliwa kabla ya kuugua ni kazi ya watoto wake. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa rasmi mwezi Septemba 2023, walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, na kwa kuwa hupita nyumba kwa nyumba, hao ndio wanaoweza kumfikia mzee asiyeweza kupanda bodaboda hadi hospitalini. Iwapo wataelekezwa kuanza na nyumba zenye watu waliozidi miaka 80, kuuliza juu ya mito, viatu na wiki iliyopita, na kuandika majibu yake, na iwapo utafiti ujao wa taifa utauondoa mpaka wa miaka 69, Kenya itakuwa na njia ya kuwatambua wagonjwa hawa wakiwa bado nyumbani, siku kadhaa kabla ya kuhitaji gari la wagonjwa.